Kivinjari na Daftari Lake: Nani Huiruhusu Video Ijiwashe?

Msomaji wetu wa Morogoro, mwalimu wa sekondari, ameleta swali ambalo nimelisubiri kwa muda mrefu. Anasema akifungua tovuti za magazeti kwenye kompyuta ya ofisi ya walimu, video zinaanza zenyewe lakini bila sauti: mdomo wa mtangazaji unacheza, maandishi yanapita chini ya skrini, kimya. Akihamia YouTube kwenye kompyuta ileile, video inaanza na sauti yake yote, hata kabla hajatafuta kitufe, mpaka walimu wenzake wanageuka. Kompyuta moja, intaneti moja, mtumiaji mmoja. "Ni nani," anauliza, "aliyeipa hii ruhusa ya kusema na kuinyima ile?"

Ni kivinjari. Na hakikubahatisha. Kilipiga hesabu, tena hesabu ambayo sehemu yake imekuwa ikiandikwa ndani ya kompyuta hiyo tangu siku kivinjari chenyewe, Chrome, kilipowekwa, tovuti moja baada ya nyingine, bila mwalimu wetu kuambiwa.

Kabla ya hesabu, tupatane jina. Menyu za simu zimeandika "cheza kiotomatiki", na vijana wanasema video "inajiplay". Nimejaribu pia "kujichezesha", lakini kuchezesha ni kazi ya refa na ya mwenye kamari, halikai. Redio tunaiwasha, televisheni tunaiwasha. Basi video inayoanza bila mkono wa mtu nitasema imejiwasha, na tuendelee. Namna video inavyosafiri kutoka kwenye seva hadi kwenye skrini nitairuka. Imeelezwa mara nyingi, na mwalimu hakuuliza hilo.

Ndani ya miaka miwili hivi vivinjari vitatu vikubwa viliubana mlango uliokuwa wazi. Safari ya Apple ilianza Septemba 2017, Chrome ya Google ikafuata Aprili 2018 kwa toleo la 66, na Firefox ya Mozilla Machi 2019, nayo, kwa sadfa, ikiwa toleo la 66. Wote walikubaliana jambo moja: video yenye sauti isijiwashe hovyo. Walitofautiana katika swali la nani asamehewe. Safari na Firefox walimwachia mtumiaji aamue, tovuti kwa tovuti, kwenye mipangilio. Chrome ikaamua kujifunza yenyewe kwa kumtazama mtumiaji, na hapo ndipo penye uhondo.

Kanuni ya Chrome inasema hivi. Video isiyo na sauti inaweza kujiwasha popote. Yenye sauti haijiwashi mpaka mtumiaji awe ameigusa tovuti hiyo, au tovuti iwe imeshajenga mazoea naye. Mazoea hayo yana namba. Wahandisi wa Google wameipa jina refu la Kiingereza. Mimi naiita kipimo cha mazoea, na nakiri naipenda sana.

Kwa kila tovuti unayotembelea, Chrome inaweka hesabu mbili. Ya kwanza: umekuja mara ngapi. Ya pili: katika ziara hizo, ni mara ngapi ulitazama au kusikiliza kitu kweli. Kisha inagawanya ya pili kwa ya kwanza. Ukiwa umefika mara 40 na kusikiliza kweli mara 12, jibu ni 0.3. Ukiwa umefika mara 40 na kusikiliza mara 2 tu, ni 0.05. Hesabu ya darasa la tano, lakini uzuri wake uko kwenye maneno "kusikiliza kweli", kwa sababu kompyuta haijui ukweli ni nini. Lazima ipewe dalili. Ikapewa nne. Sauti au video iwe imecheza kwa zaidi ya sekunde 7. Sauti iwepo na isiwe imezimwa. Kichupo chenye video kiwe ndicho kilicho mbele yako, si kile ulichokisahau nyuma ya vingine ishirini. Na picha ya video iwe kubwa kuliko pikseli 200 kwa 140, ili tangazo dogo lililojibanza pembeni lisijihesabie heshima ambayo hukulipa.

Zitazame dalili hizo moja moja uone kila moja inaziba tundu gani. Bila ya kwanza, tovuti ingejipatia alama kwa kupiga kelele nusu sekunde. Bila ya pili, ingejiwasha kimya na kudai ulisikiliza. Bila ya tatu, ingechezea gizani. Bila ya nne, ingeficha video ya ukubwa wa kidole gumba chini ya ukurasa. Kuhusu zile sekunde 7, Google yenyewe ilipotangaza kanuni hii ilisema kwamba video nyingi zinazojiwasha husimamishwa, huzimwa sauti au hufungiwa kichupo na watumiaji ndani ya sekunde 6. Namba hizo mbili zinatazamana. Anayebaki baada ya sekunde ya 7 amepita ile saa ya kukimbia.

Aliyekulia mtaani kwetu anaujua mpango huu, maana mangi mwenye duka la kona amekuwa akiutumia tangu zamani. Mteja mpya akija na kusema "nipe unga kilo mbili, nitalipa jioni", mangi anatabasamu na kumwonyesha kibao ukutani: kukopa leo hapana. Hajamtukana, hamjui tu. Mteja huyohuyo akinunua kwa taslimu wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, jina lake linaanza kukaa kichwani mwa mangi, na siku moja anafunguliwa ukurasa kwenye daftari. Tovuti ndiye mteja anayetaka kukopa. Anachotaka kukopa ni masikio yako. Kivinjari ni mangi, isipokuwa katika duka hili mali si ya mangi. Mali ni yako. Yeye amekaa kaunta kwa niaba yako. Shikilia hilo, tutalihitaji mbele.

Mangi mwenye akili hafungui ukurasa kwa mteja aliyemwona mara tatu, hata kama mara zote tatu alilipa. Mara tatu ni bahati. Chrome nayo hivyo: kabla hujatembelea tovuti mara 20, kipimo chake kinabaki sifuri, hata ungekuwa umesikiliza kila ulipofika. Ziara 20 ndipo hesabu inaanza kuwa na maana.

Baada ya hapo kuna mpaka, na huu ndio undani ninaoupenda kuliko yote. Mipaka iko miwili. Tovuti inaingizwa kwenye daftari la wanaoaminika ikifika 0.3, yaani angalau mara 3 kati ya kila ziara 10 ulisikiliza kweli. Lakini haitolewi ikishuka chini ya 0.3. Inatolewa ikishuka chini ya 0.2. Kati ya namba hizo mbili, aliye ndani anabaki ndani na aliye nje anabaki nje. Kwa nini? Fikiria mpaka ungekuwa mmoja. Tovuti iliyoko 0.3 kamili ingekuwa na sauti Jumatatu. Jumanne ukisoma habari bila kusikiliza, inashuka kidogo, inanyamazishwa. Jumatano unasikiliza taarifa moja, inapanda, inasema tena. Ungedhani kompyuta imeharibika. Mangi anayemfungia mteja wa miaka mitatu kwa sababu ya siku moja aliyochelewa kulipa, kisha akamfungulia kesho yake, atamaliza siku nzima akigombana. Kwa hiyo anaweka nafasi: kuingia kwenye daftari kunataka uthibitisho mkubwa, kutolewa nako kunataka uthibitisho mkubwa. Wahandisi hutumia hila hii katika vyombo vingi ambavyo havitakiwi kuyumbayumba, na kila ninapoikuta nafurahi, kwa kuwa imetengeneza uvumilivu kwa kutumia namba mbili tu.

Mangi aliyehamia mtaa mpya ana tatizo: daftari lake ni tupu, na hata wateja waaminifu wanaonekana wageni. Chrome ilipowekwa mara ya kwanza kwenye kompyuta haimjui yeyote. Kwa hiyo inakuja na orodha ya majina iliyoandikwa tayari, tovuti zaidi ya 1,000 ambazo sehemu kubwa ya watu wanaozitembelea huzisikiliza kwa sauti. Ni kama mangi mgeni aliyepewa karatasi na mwenzake wa mtaa wa pili: hawa huwa wanalipa. Kadiri wewe mwenyewe unavyotembea, daftari lako linachukua nafasi ya karatasi ile. Ukifuta historia ya kivinjari, daftari linafutika pia, na mnaanza upya.

Hata suala la kumtuma mtu limo. Tovuti ya gazeti mara nyingi hubandika ndani ya ukurasa wake video inayokaa kwenye seva ya kampuni nyingine. Je, video hiyo ya mgeni inarithi imani ya gazeti? Yenyewe haiwezi. Ni mpaka gazeti liandike waziwazi kwenye ukurasa wake kwamba fremu ile imeruhusiwa kujiwasha, sawa na mteja anayemtuma kijana dukani na kikaratasi chenye jina lake: mpe huyu, deni ni langu. Bila kikaratasi, kijana anarudi mikono mitupu.

Sasa mwalimu wetu ana jibu lake. YouTube imo kwenye karatasi ya mwanzo, na bila shaka imo pia kwenye daftari la kompyuta hiyo, kwa sababu watu huenda YouTube kusikiliza. Magazeti watu huenda kuyasoma, hivyo hesabu yao haipandi. Kompyuta ikiwa ya ofisi na wote wanatumia akaunti moja, daftari hilo ni la ofisi nzima. Mwenzako anayesikiliza taarab mchana ndiye aliyeijengea YouTube imani. Ukitaka kuliona kwa macho, andika chrome://media-engagement mahali pa anwani, na majedwali yote yatafunguka mbele yako: ziara, mara ulizosikiliza, alama.

Haya ni ya kompyuta. Kwenye simu Chrome haitumii kipimo cha mazoea. Huko inataka kidole chako, au tovuti iwe imewekwa na wewe kwenye skrini ya mwanzo. Na kidole kina masharti yake. Kugusa kitufe au sehemu yoyote ya ukurasa kunahesabika. Kusogeza ukurasa juu na chini hakuhesabiki, kwa kuwa anayesogeza anatafuta, hajachagua. Tovuti haiwezi pia kujigusa yenyewe kwa msimbo; kivinjari hutofautisha mguso uliotoka kwenye kioo na ule uliobuniwa na programu. Ikijaribu kucheza bila ruhusa, ombi lake linarudishwa na jibu la kukataliwa.

Chrome haikupata kila kitu mara moja. Mei 2018, wiki chache baada ya toleo la 66, watengenezaji wa michezo ya kwenye kivinjari waliamka na kukuta michezo yao imenyamaza, mingine ikiwa imeandikwa miaka mingi nyuma na watu ambao hawakuwa tena na nafasi ya kuirekebisha. Google ikarudi nyuma kwa upande huo wa sauti za michezo, ikawapa muda, kisha ikaurejesha mkazo Desemba mwaka huohuo kwa toleo la 71. Kwa makadirio ya kampuni yenyewe, kanuni nzima inazuia karibu nusu ya video zinazojiwasha bila kutakiwa.

Nimeusifu mtambo huu kwa moyo wote. Lakini swali lililo nyuma ya swali la mwalimu ni kama video zijiwashe au zisijiwashe kabisa, na hapo daftari zuri kama hili halinitoshi, kwa sababu linahesabu deni moja na kuacha mawili. Linalinda masikio. Halilindi macho, na halilindi bando.

Kwa nini picha isiyo na sauti iliachiwa mlango wazi? Sababu yake ni ya kushangaza: iliachiwa ili kuokoa data. Hadi 2016, iPhone haikuruhusu video yoyote kujiwasha ndani ya ukurasa wa kivinjari. Waunda tovuti waliotaka kitu kinachotembea wakakimbilia GIF, aina ya picha iliyozaliwa kwenye kampuni ya CompuServe mwaka 1987, isiyoweza kubeba zaidi ya rangi 256 katika fremu moja. GIF inabeba fremu zake karibu kama picha zinazojitegemea, ilhali video ya kisasa, mathalani ya mfumo wa H.264 wa mwaka 2003, inabeba picha moja kamili kisha inaeleza tu kilichobadilika: kipande hiki kimesogea kushoto, kile kimebaki pale pale. Wahandisi wa Apple walipopima, walisema GIF inaweza kula hadi mara 12 ya data ya video inayoonyesha kitu kilekile, na mara 2 ya nishati ya betri. Wakaona heri video ya kimya ijiwashe kuliko GIF. iOS 10, mfumo wa iPhone wa 2016, ikaruhusu, na Chrome ya Android ikaruhusu mwaka huohuo.

Hoja hiyo ilikuwa nzuri kwa kile ilichokusudia, vipande vya sekunde mbili tatu vinavyojirudia. Ila ruhusa haikuwekewa ukomo wa urefu wala wa uzito. Mlango uliofunguliwa kwa ajili ya kipande cha sekunde mbili ukapitisha taarifa ya habari ya dakika tatu na tangazo la gari lililo mbele yake.

Uzito wake unapimika. Video inayotumwa kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, ambayo si picha ya kujivunia, inakula megabaiti 7.5 kwa dakika na megabaiti 450 kwa saa. Sekunde moja yake ni kilobaiti 125. Maneno yote ya makala hii unayoisoma, kuanzia kichwa hadi nukta ya mwisho, hayazidi kilobaiti 20. Yaani mtu aliyefungua ukurasa ili asome habari anaweza kulipia sekunde moja ya video ambayo hakuiomba zaidi ya mara 6 ya anacholipia kwa habari yenyewe. Na halipii sekunde alizotazama peke yake. Programu inayocheza video huvuta vipande vya mbele mapema ili video isikwame, kwa hiyo ukipita haraka bila hata kutupa jicho, vipande ambavyo hutaviona vimeshashuka na vimeshakatwa kwenye bando. Kwa anayelipia intaneti ya nyumbani kwa mwezi bila kikomo, hili ni jambo dogo. Kwa mwanafunzi wa Mwanza au Kisumu aliyenunua kifurushi cha siku ili apakue maswali ya mtihani, ni pesa iliyotoka mfukoni kwake na kwenda kwa mtu ambaye hakumwajiri.

Zamani Chrome ya Android ilikuwa na hali ya kuokoa data, na aliyeiwasha hakupata video za kujiwasha. Ilizimwa kabisa mwaka 2022, kwa maelezo kwamba gharama za data zimeshuka katika nchi nyingi. Huku kwetu ilikuwa bado inahitajika.

Macho nayo. Pembezoni mwa retina kumejaa seli ambazo hazioni rangi vizuri lakini ni hodari kwa mwendo na kwa mwanga hafifu. Kitu kikianza kutembea pembeni, jicho linageuka kabla hujaamua; mwanasayansi Ivan Pavlov aliliita tendo hilo la mwili kwa swali, "ni nini hiki?" Huwezi kulizima kwa nidhamu. Anayesoma aya kando ya video inayocheza kimya analipa kidogo kidogo, kila sekunde chache, kwa kupoteza mstari aliokuwa anausoma. Miongozo ya kimataifa ya kuwezesha watu wenye ulemavu kutumia tovuti, iliyotolewa na shirika la viwango vya wavuti, W3C, Desemba 2008, ililiona hilo mapema: kinachotembea chenyewe kwa zaidi ya sekunde 5 kando ya maandishi lazima kiwe na njia ya kusimamishwa, na sauti inayojiwasha kwa zaidi ya sekunde 3 lazima iwe na njia ya kuzimwa. Sharti la sauti linawahusu hasa wasioona. Asiyeona husomewa ukurasa na programu inayoongea. Video ikianza kusema juu ya sauti hiyo, anatakiwa atafute kitufe cha kuizima kwa kutumia sauti ileile ambayo tayari imefunikwa.

Na kuna yale ambayo hakuna mtu angependa kuyaona. Tarehe 26 Agosti 2015, mwandishi wa habari na mpiga picha wa kituo cha WDBJ cha Virginia, Marekani, walipigwa risasi na kuuawa wakiwa hewani, na muuaji akapakia video aliyoirekodi yeye mwenyewe kwenye Twitter na Facebook. Twitter ilikuwa imeanza kuruhusu video zijiwashe miezi miwili tu kabla. Watu waliokuwa wanapitisha macho kwenye kurasa zao waliona mauaji bila kubofya chochote. Sauti kuwepo au kutokuwepo hakukubadili kitu.

Wenye tovuti wanang'ang'ania video za kujiwasha kwa sababu ya sekunde nyingine, tofauti na zile 7 za Chrome. Kwa kipimo cha mwaka 2014 cha baraza la Media Rating Council la Marekani, tangazo la video huhesabiwa kuwa limeweza kuonekana ikiwa nusu ya pikseli zake zimekaa kwenye skrini kwa sekunde 2 mfululizo. Facebook ilihesabu mtazamo mmoja kwa sekunde 3. Video inayosubiri kubofywa haiwezi kuvuna sekunde hizo kwa mpita njia. Inayojiwasha inazivuna kwa kila anayepita. Septemba 2016 Facebook ilikiri kwamba wastani wa muda wa kutazama iliokuwa ikiwapa watangazaji ulikuwa umevimba, kwa kuwa waliotazama chini ya sekunde 3 walikuwa wameachwa nje ya hesabu. Waliopita haraka walihesabika kama si watu.

Narudi kwa mangi aliyekaa kaunta kwa niaba yako. Google ndiyo yenye Chrome, ndiyo yenye YouTube, na ndiyo inayouza sehemu kubwa ya matangazo ya video ulimwenguni. Sidai kwamba daftari limechakachuliwa. Vigezo vyake vimetangazwa na unaweza kuvikagua kwenye kompyuta yako. Nasema kwamba msimamizi mwenye ndugu miongoni mwa wakopaji asiachiwe peke yake kuamua ni mali gani ihesabiwe na ipi iachwe wazi. Aliandika masikio, akaacha macho na bando, na yale aliyoyaacha ndiyo yanayolipa.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwalimu ni hapana. Video isijiwashe, yenye sauti wala isiyo na sauti, mpaka mwenye kifaa aiguse. Kipimo cha mazoea kibaki, kikiwa msamaha pekee, kwa sababu tovuti ambayo mtu huenda kusikiliza haina haja ya kuomba ruhusa kila siku, lakini kiongezewe hesabu ya tatu, ya megabaiti, na picha isiyo na sauti ipite kwenye mlango uleule. GIF nazo zisimame mpaka ziguswe, ili hoja ya mwaka 2016 isitumike tena. Kampuni zenyewe zinajua uzito wa jambo hili: Agosti 2021 YouTube ilitangaza kwamba kwa watumiaji wa miaka 13 hadi 17 video inayofuata haitajiwasha mpaka wao wenyewe wawashe mpangilio huo. Kinachomfaa kijana wa miaka 17 hakiachi kumfaa siku anapotimiza 18.

Wakati tunasubiri, fanya haya leo. Kwenye Firefox ya kompyuta, fungua mipangilio, nenda kwenye faragha na usalama, tafuta ruhusa za kujiwasha, uchague kuzuia sauti na video pamoja. Kwenye Safari ya Mac, chagua kutojiwasha kamwe, kwa tovuti zote. Kwenye programu ya Facebook na ya X (Twitter ya zamani), ambako kanuni za kivinjari hazifiki, kuna mpangilio wa video kutojiwasha kamwe. Kwenye YouTube zima uchezaji wa kimya kwenye ukurasa wa mwanzo na kile kitufe cha video inayofuata. Kwenye WhatsApp, chini ya hifadhi na data, ondoa alama kwenye video zinazojipakua ukiwa kwenye data ya simu.

Na wahariri wa tovuti za habari za Kiswahili, hili linawahusu ninyi moja kwa moja. Video inayojiwasha kwenye ukurasa wenu inatokana na neno moja kwenye msimbo, autoplay. Mwambieni fundi wenu alifute, aweke picha moja ya video yenye alama ya kuchezea, na kando yake aandike video hiyo ni megabaiti ngapi, ili msomaji ajue bei kabla hajaigusa.